Kibao cha Miguu cha Mwalimu Ngazi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, pamoja na nyinyi mliosimama nyuma mnanong'ona, sogeeni, maana mengi mnayonong'ona yamo humu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Ngazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, akiwa mtoto wa tano na kitindamimba, akaanza kusema mapema, na hakupumzika mpaka juzi.

Mwaka 1958 aliingia shule ya msingi akiwa tayari anajua kusoma, na mwaka uliofuata mwalimu mkuu akamtoa darasa la pili akampeleka la nne, akaketishwa dawati moja na dada yake, huyu anayewasomea, aliyekuwa akilirudia darasa hilo kwa raha zake. Hesabu alizimaliza wenzake wakichonga penseli, lakini miguu ilining'inia mpaka ikafa ganzi, na kengele ya mapumziko ikilia ilibidi dada amshushe kama mzigo, darasa zima likicheka.

Mwaka 1970 alihitimu chuo cha ualimu, akapangiwa shule iliyo nyuma ya soko, akadumu hapo hadi kustaafu mwaka 2006, akipigania watoto wenye akili nyingi wavushwe darasa badala ya kusinzia kwenye masomo wanayoyajua, ndipo akaitwa Ngazi, na kwa kila aliyevushwa alimwagiza seremala wa shule kibao cha kuwekea miguu. Seremala akawa anakuja kupima miguu hata wakati hakuna aliyevushwa, watu tukaelewa, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1973, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja.

Binti huyo, aliyezaliwa mwaka 1979, ndiye aliyemtoa jasho. Darasa la pili alikuwa akiwasahihishia wenzake madaftari, lakini mama yake, aliyevusha watoto wa watu bila kupepesa jicho, kwa wake aliogopa midomo, akijua itasemwa kambeba, hata mtoto akaichukia shule, akaumwa tumbo kila Jumatatu, na mezani akamwuliza mama kama ngazi yake ni ya watoto wa wenzake tu. Seremala, mtu wa maneno machache, hakubishana na mkewe, alichonga kibao, akakiweka chini ya dawati la mbele darasa la nne, akaenda zake. Mwalimu alipoingia kufundisha akakiona, akakipima kwa macho, akajua ni miguu ya nani, akatoka, akamshika binti mkono mbele ya walimu wote, akampandisha. Kweli midomo ilisema, na mingine iko hapa leo imependeza, lakini tumbo halikuuma tena.

Mwishoni mwa mwaka jana figo zilimsumbua, akalazwa, kitanda kimeinuka juu naye amesinyaa, akawa analalamikia zaidi miguu kuning'inia kila akiketi kuliko ugonjwa wenyewe. Binti, ambaye sasa ni mhandisi, alikitoa stoo kile kibao, akakifuta vumbi, akamwekea mama yake, miguu ikatua, na hivyo ndivyo alivyokuwa ameketi, akimkosoa nesi mwandiko, asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, alipotutoka.

Familia inawashukuru madaktari, nesi huyo mvumilivu, walimu wenzake, na majirani kwa chakula na kwa umbea uliotuchangamsha. Jeneza hili amelichonga mumewe, na mnaoulizana mbona limezidi kimo chake, kibao kimo ndani.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, miguu imefika chini.