Si Ungempiga Uso Tu

KANIZ: Haloo? Haloo! Nani huyo?

SHABIR: Mimi, dada! Shabir! Asalaam alaikum!

KANIZ: Waalaikum salaam. Ngoja nipande juu ya jiwe, huku chini unakatika... Haya. Uko wapi?

SHABIR: Mjini Skardu, nimefika jana. Habari za malishoni? Mama hajambo? Mbuzi?

KANIZ: Mama mzima, mbuzi wazima. Wewe ndiye sijui kama uko mzima.

SHABIR: [anacheka] Umeshaiona picha, eh? Imeshinda shindano, dada! Lahore nzima wana—

KANIZ: Nimeiona. Dereva mmoja kanionyesha kwenye simu yake. Niko chini ya ng'ombe nakamua, mwanamume hata simjui ananiuliza, "Mama, dubu huyu analala wapi?"

SHABIR: Dereva gani?

KANIZ: Nikutajie yupi? Magari yamejipanga kwenye bonde la nyuma utadhani kuna harusi!

SHABIR: Lakini mimi sikutaja bonde, wallahi! Nimeandika uwanda wa Deosai tu. Deosai ni kubwa, mtu ata—

KANIZ: Utaje ya nini, na jabali umelipiga zima na mpasuko wake? Dereva wa Skardu akiliona jabali lile anakwambia hadi mbuzi wanaolala chini yake ni wa nani! Si ungempiga uso tu?

SHABIR: Uso kila mtu anao, dada. Hata kwenye kizimba utapiga uso wa dubu. Mimi nilitaka aonekane kwake. Mlima, mawingu, yeye kadogo pale katikati na wanawe—

KANIZ: Umewaonyesha kwake. Nao wamekuja.

SHABIR: Sasa hapo kosa langu—

KANIZ: Nyamaza kwanza! Nani alikupeleka pale mara ya kwanza?

SHABIR: Baba.

KANIZ: Akakwambia nini?

SHABIR: Nisimwonyeshe mtu. Lakini baba alikuwa anaogopa wenye bunduki, dada. Hawa wana kamera tu.

KANIZ: Kamera tu! Wanapiga honi ili ainue kichwa, unajua hilo? Wanakaa pale kijitoni toka asubuhi, wanakunywa chai, yeye yuko juu maweni anayaona maji na hawezi kushuka. Juzi kiu ikamshinda. Akashuka. Wakamzunguka na magari, huku na huku, kila mmoja anataka awe mbele ya mwenzake. Akapandisha na wanawe kwenye yale mawe yanayoporomoka. Pichani kwako watoto wangapi?

SHABIR: Wawili.

KANIZ: Haya.

SHABIR: Dada?

KANIZ: Jana asubuhi alipita juu ya zizi letu na mmoja.

SHABIR: Labda yule mwingine alikuwa nyuma, unajua wanavyo—

KANIZ: Nilisubiri, Shabir. Maziwa yakafurika jikoni, mama ananiita, mimi nimesimama tu nasubiri. [mtandao unakwaruza] ...unanisikia?

SHABIR: Nakusikia.

KANIZ: Basi sema kitu!

SHABIR: Sasa... sasa hivi yuko upande gani?

KANIZ: Umesemaje?

SHABIR: Usikasirike, dada yangu. Nina wageni wanaotaka kumwona huyo dubu. Watu wastaarabu, hawapigi honi, nawadhamini mimi. Kesho tunapanda. Nilikupigia uwaokee mkate, na siagi kid—

KANIZ: Ebo! Huna haya hata chembe! Nakwambia mtoto hayupo, wewe unaniuliza njia?

SHABIR: Nimewaahidi! Wametoka Lahore kwa jina langu! Nikifika bila dubu nitaitwa tapeli!

KANIZ: Utaitwa tapeli, masikini. Sisi wanawake wote wa malishoni tumeshakubaliana. Anayeuliza, anaambiwa kavuka upande wa Astore.

SHABIR: Kavuka kweli?

KANIZ: Unaona? Ndivyo utakavyoambiwa na wewe.

SHABIR: Mimi ndugu yako, Kaniz! Tumezaliwa tumbo moja! Nipe mama niongee naye.

KANIZ: Mama yuko hapa chini anasikia kila neno. Amegeuka, anapiga siagi yake.

SHABIR: Mama! Mama, unanisi—

KANIZ: Usimpigie kelele mama!

SHABIR: Dada.

KANIZ: Nini tena?

SHABIR: Huyo aliyebaki. Anatembea vizuri?

KANIZ: Unamuulizia yeye, au unaiulizia kamera? Shabir. Nimekuuliza.

SHABIR: Dada, salio... salio linaniishia.

KANIZ: Sawa. Mkate nitaoka, wageni hawana kosa. Wale, wanywe chai, kisha uwageuze uwarudishe Skardu. Umenielewa? Shabir? ...Haloo?