Picha ya Baba Yake Yirga

Nje ya ukuta wa kanisa, pale Gondar, Asnakech ameweka benchi na birika lake la udongo, na hapo ndipo Yirga hushinda akiwasema watu. Siku hizi anamsema mmoja tu: Wubshet, fundi cherehani mstaafu, ambaye kila asubuhi huketi kanisani mbele ya picha moja na kuitazama mpaka adhuhuri. Picha hiyo ililipiwa na marehemu baba yake Yirga, naye mchoraji akamweka chini kabisa, kalala miguuni pa Bikira Maria. Yirga hachoki kuisimulia habari hiyo. Kumwona Wubshet pale kunamchoma, kana kwamba mtu kahamia kwao bila hodi.

— Bado yumo? akauliza Yirga.

— Yumo, akajibu Shemasi, aliyepata jina hilo baada ya kufukuzwa ushemasi. Kaganda kama kupe.

— Mtu mzima, picha moja! Picha unaitupia jicho, unabusu ukuta, unakwenda zako.

— Mi nasema anatafuta dhahabu. Wazee walikuwa wanaificha nyuma ya turubai la picha.

— Dhahabu wapi. Anangoja Bikira amkonyeze. Mwachie mwaka, atakwambia malaika kamtuma aoe mke wa pili.

— Asije kwangu, nitammwagia kahawa, akasema Asnakech, akimimina kikombe cha tatu, kile cha baraka, chepesi kama maji ya kuoshea vyombo.

— Amwache mzee wangu apumzike. Baba yangu hakuwa mtu wa kukodolewa macho na mafundi cherehani.

Mkwe wa Asnakech, aliyefika jana tu kutoka Lasta, akaacha kukaanga kahawa.

— Samahani, baba. Mzee alichorwa na macho mangapi?

Wachoraji wa picha za kanisa mtu mwema humpa uso mzima, macho mawili. Mwovu humchora kwa upande, jicho moja, hata akiwa ndiye mlipaji.

— Mawili, akasema Yirga.

— Uliyaona?

Yirga akamgeukia Shemasi. Shemasi akainamia kikombe chake. Yirga alimjua baba yake kuliko mtu yeyote pale, na hilo ndilo lililomtia hofu. Akasimama aende kutazama. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Akakaa tena.

Wubshet akatoka, akapita mbele ya benchi, akamwinamia Yirga kama kawaida yake. Yirga akautazama uso ule kwa muda mrefu, akitafuta kama ile ilikuwa heshima au huruma. Hakuthubutu kuuliza.