Mahali pa Kuzaliwa

Kina mama, asanteni kwa kunipa nafasi. Mnajua mimi nikisimama siketi haraka, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi nashona yunifomu hapa Manyatta, wengi mnanijua. Lenye hamkujua ni kwamba mpaka juzi sikuwa na kitambulisho. Hata laini ya simu nilisajiliwa na jirani. Mama yangu ni wa Sondu kabisa, lakini aliolewa Tanzania, upande wa Musoma, akanizaa huko. Ndoa ilipovunjika akarudi na mimi mgongoni. Nikakua nikiambiwa, "Usiseme ulizaliwa wapi. Watakurudisha." Nikaficha.

Nilipofika umri wa kuchukua kitambulisho nikaenda kwa chifu, mbele ya wazee wa kuhoji. Mzee mmoja akauliza nilizaliwa wapi. Nikasema hapa hapa Sondu, nyumbani.

"Nani alimzalisha mama yako?"

Ndugu zangu, nawaambia, njia ya mwongo ni fupi. Nikataja mkunga mmoja niliyekuwa nasikia akisifiwa na kila mtu. Mzee akavua kofia, akaanza kwa Kijaluo.

"Nyathina, mtoto wangu, huyo alikuwa mama yangu. Tulimzika kabla hujazaliwa."

Walicheka wote. Nilitoka hapo na aibu yangu, sikurudi miaka kumi na tano.

Mwaka huu mwalimu akaniambia binti yangu hawezi kusajiliwa mtihani wa gredi ya sita bila cheti cha kuzaliwa, na cheti kinataka kitambulisho changu. Hapo nililia. Dada mmoja ameketi hapo nyuma, simtaji, akasema, "Rudi kwa huyo mzee umwambie ukweli. Nitakusindikiza."

Mzee alinikumbuka mara moja, akacheka tena. Nikamweleza yote, nikingoja aite polisi.

"Mama yako ni Mkenya?"

"Ndiyo, mzee. Kitambulisho chake anacho."

"Sasa ulidanganya ya nini? Sheria inauliza nani alikuzaa. Mama akiwa Mkenya, hata ungezaliwa London, wewe ni Mkenya. Ungesema ukweli siku ile, tungekupitisha."

Miaka kumi na tano! Haki ilikuwa yangu tangu nizaliwe, na mwenye kuificha ni mimi.

Namshukuru mama, aliyekuja kunishuhudia pamoja na hofu yake. Namshukuru mzee, na dada yangu wa hapo nyuma. Mtoto amesajiliwa. Kama kuna mwenye ameficha kitu kama changu, aulize kwanza ndio aogope.

Kadi ndiyo hii, ipitisheni. Someni mahali pa kuzaliwa. Nilimwomba karani aandike Musoma kwa herufi kubwa, akaniambia, "Mama, zote ni kubwa."