Hermínio Quaresma, Mtu wa Matangi

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, zizini na kwenye mizeituni, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Hermínio Quaresma, wa kijiji cha Fonte da Urze. Amefariki Jumanne alfajiri, nyumbani kwake, mkewe Zulmira amemshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Ni Hermínio Quaresma, wa Fonte da Urze. Wengi wenu mlimwita mtu wa matangi.

Alizaliwa palepale kijijini. Baba yake alichanja misonobari na kukinga utomvu kwa vikombe vya udongo, naye mtoto akabeba ndoo. Alipofika miaka kumi na tisa alivuka mpaka kwenda Ufaransa, akapiga lipu kuta za watu kwa karibu miaka arobaini. Aliporudi na Zulmira, mashamba ya mahindi aliyoyaacha yalikuwa yamegeuka msitu wa mikaratusi. Vijana walikuwa wameondoka. Zilibaki nyumba ishirini na tatu, na wazee ndani yake.

Kiangazi cha pili tangu arudi, moto uliteketeza nyumba ya marehemu mama yake. Umeme ulikatika kwanza. Pampu ya kisima ikazimika, mabomba yakakauka. Gari la zimamoto huhitaji dakika hamsini kupanda mlima ule, na siku hiyo lilikuwa kwingine. Hermínio alisimama barabarani na ndoo tupu, akatazama.

Zulmira anakumbuka. "Aliniambia, 'Maji yalikuwa chini ya miguu yangu, Zulmira, na sikuweza kuyafikia.' Siku mbili hakugusa hata mkate wa mahindi."

Ndipo yakaja matangi. Kule bondeni kuna kiwanda cha zeituni. Mnayajua yale matangi ya plastiki ya mraba, ya lita elfu moja, yaliyofungwa ndani ya vyuma. Kiwanda kikishayatumia kinayarundika nyuma ya ukuta. Hermínio alikwenda akaomba, akaanza kuyapandisha mlimani kwa trekta, mawili mawili. Kila moja aliingiza kichwa akanusa. Lililonuka chumvi na zeituni alilichukua. Lililonuka dawa ya magugu alilikataa. "Moto utaichemsha hiyo dawa," alisema, "na wewe ndiye utakayeivuta."

Jirani yake Custódio Tavares, rafiki yake tangu utotoni, hakuacha kumtania.

"Hermínio, siku hizi Zulmira hakupikii? Naona umeingiza kichwa kwenye chombo cha zeituni kama mbuzi mwizi."

"Nakutafutia kaburi lenye harufu nzuri."

"Basi nitafutie lenye nafasi. Lurdes hataingia bila kabati lake."

Lurdes ni mke wa Custódio. Baadaye alipooza upande mmoja, akawa wa kulala tu.

Ilimchukua Hermínio misimu miwili ya baridi. Kila nyumba aliipa tangi moja, akaliweka upande wa juu, kwenye kitako cha mawe, ili maji yateremke yenyewe hata umeme ukikatika. Akayavika magunia yasiote ukungu wa kijani. La kwake alilifunga kwenye trela ya trekta, pamoja na pampu ya petroli na mpira mrefu. Agizo lake lilikuwa moja: tangu Mei hadi mvua za kwanza, tangi lijae. Haya si maji ya bustani. Aliwaambia hivyo wote, mlango kwa mlango.

Wasikilizaji wapendwa, moto ulikuja Jumapili moja ya Agosti, miaka mitatu iliyopita, saa nane mchana, na upepo wa mashariki nyuma yake. Kengele ya kanisa ikapigwa. Umeme ukakatika. Lakini safari hii bibi wa miaka themanini alifungua koki na maji yakaja. Zulmira alilowesha paa mpaka mikono ikafa ganzi. Hermínio alizunguka na trekta, akizima palipowaka. Nyumba ishirini na mbili zilisimama. Ishirini na mbili, kati ya ishirini na tatu.

Ya ishirini na tatu ilikuwa ya Custódio, mwisho kabisa wa kijiji, chini bondeni. Custódio alimpigia simu.

"Hermínio, tangi halitoi maji. Lurdes yuko ndani."

"Mfunike blanketi lenye maji, mtoe kwa mlango wa zizi. Nakuja."

Tangi la kwenye trela lilikuwa limebaki nusu. Hermínio mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba tangi la safari huwa limejaa au tupu, kamwe si nusu, kwa sababu maji ya nusu hutembea. Ukikata kona, yanagonga upande mmoja na kulivuta gari. Alilijua hilo kuliko sote. Lakini kulijaza kungechukua robo saa, na robo saa hakuwa nayo.

Kwenye kona ya birika la kufulia nguo, trela iliyumba ikaivuta trekta mtaroni. Trekta ikamlalia mguu. Alikaa pale zaidi ya saa nzima, akivuta moshi, akiitazama nyumba ya rafiki yake ikiwaka.

Custódio alimtoa Lurdes kwa kumbeba mgongoni. Lurdes yu hai hadi leo, katika nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba yao ilibaki mawe. Hermínio alikatwa mguu, na mapafu yake hayakupona tena.

Watu wakauliza: kwa nini tangi la Custódio halikutoa maji? Hermínio akajibu, "Koki ilikwama. Kosa ni langu, nilifunga koki kuukuu." Aliwaambia zimamoto hivyo. Alimwambia padri hivyo. Aliniambia mimi hivyo, kwenye kipindi hiki hiki. Graça, binti wa Custódio, alikwenda hadi kitandani kwake. "Mjomba, ungefunga koki mpya, mama yangu asingekuwa analala nyumba ya watu." Hermínio akainamisha kichwa. "Ni kweli, mwanangu."

Custódio alikuwemo chumbani. Alitazama sakafu.

Miaka mitatu Hermínio alikaa dirishani na mashine yake ya kupumulia. Kila alasiri Custódio alikuja, akamnyoa, wakacheza karata bila maneno mengi. Na mbele ya dirisha kijiji kikazidi kupungua. Huyu kazikwa, yule kachukuliwa na watoto mjini. Leo ni nyumba tisa tu zinazotoa moshi wa jikoni. Siku moja Hermínio alimwambia mkewe, "Unajua nilichookoa, Zulmira? Niliokoa makufuli."

Jana saa nne asubuhi, Custódio alikuja hapa studio. Alivaa koti la kanisani, kofia mkononi. Hakutaka kuketi.

"Kesho utamzungumzia Hermínio?"

"Nitamzungumzia."

"Basi unitaje na mimi, kwa jina. Koki haikukwama. Tangi lilikuwa tupu. Nilimwagilia kabichi. Jua lilikuwa linazimaliza, nikasema ndoo moja tu, kesho yake nikasema moja tena."

Nilimuuliza kama Hermínio alijua.

"Nilimwambia hospitalini. Akasema, 'Wewe una Lurdes wa kumtazama usoni. Mimi sina tena mguu wa kuyakimbia maneno, acha yanipate mimi.' Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema akipona."

Alivaa kofia yake akaondoka.

Nilimpigia simu Zulmira, maana sikutaka kulisema hili hewani bila yeye. Akasema, "Nilijua. Nilimsikia Graça akimgombeza, nami niko jikoni, nimeuma kitambaa cha mikono. Sema yote. Na umwambie Custódio Jumamosi abebe jeneza, upande wa mbele. Sijamsamehe. Lakini abebe."

Custódio, kama unasikiliza, umesikia.

Mazishi ni Jumamosi, saa tisa alasiri, katika kanisa la Fonte da Urze. Narudia: Jumamosi, saa tisa alasiri. Kwako Zulmira, na kwa wote mliompenda Hermínio Quaresma, kituo hiki kinawapa pole. Mungu ampe pumziko, na hewa safi aliyoikosa.

Wasikilizaji wapendwa, msiharakishe kumnyooshea Custódio kidole. Jana nilipofika nyumbani nilikwenda nyuma ya ukuta, kwenye tangi ambalo Hermínio aliniletea kwa mkono wake. Nililigonga katikati, likalia kama debe tupu. Nikaligonga chini kabisa, nako likalia. Mke wangu ana nyanya, nami nina gari ninalopenda ling'ae. Tuko mwezi wa Julai.