Cherehani Isiyoshona

Msusi aliyeketi kiti cha nyuma cha basi alikuwa amepanga kulala mpaka mwisho wa safari, lakini umbea mtamu haumwachi mtu asinzie. Mbele yake bibi mmoja alikuwa amepakata cherehani ya mkono iliyofungwa shuka, anaipeleka kwenye makumbusho madogo ya harakati za uhuru. Mzee fundi viatu aliyeketi kando ya bibi akamchokoza: "Hiyo ilishona bendera, siyo?"

"Bendera wapi, kaka yangu! Haikushona kitu. Wanaume wa harakati wakikutana kwetu chumba cha ndani, mama anakaa mlangoni, anazungusha gurudumu mchana kutwa, hana uzi hana kitambaa, ili askari wa mkoloni wasisikie sauti zao. Majirani wakasema tumetajirika kwa ushonaji, na sisi magauni yetu viraka vitupu!"

Msusi akaziba mdomo asicheke.

"Basi waachie hao wa makumbusho, dada. Wajukuu wataiona."

"Wataiona ndani ya kioo, na kibao cha 'Usiguse'. Wataisikia wapi? Mimi nikimkumbuka mama, naizungusha."

"Na siku ukifumba macho? Si wataiuza chuma chakavu?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Bibi akafungua shuka taratibu, akazungusha. Mlio ukajaa basi zima. Mzee akamwinamia sikioni: "Walikuwa wanasema nini humo ndani?"

"Hatukuwahi kusikia hata neno. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe."

"Makumbusho, wa kushuka!" konda akaita, na basi likasimama. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka.