Kikombe cha Mkojo wa Bi Mdogo

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu, karibu sana wodi ya watoto. Ukituona tunakodolea macho mlango wa chumba cha pili, usidhani tumekosa adabu. Mle yumo Bi Mdogo, binti wa fundi cherehani, ana mwaka mmoja. Homa imempanda, na asubuhi alipata degedege. Sasa ametulia, tunasubiri akojoe, mkojo upelekwe kupimwa kabla hajaanza dawa.

HISTORIA
Kikundi chetu cha wazazi na wauguzi kilianza na swali: hivi hii homa inatoka wapi? Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, sote tulikuwa tunakimbilia kichwa. Malaria ikapimwa, masikio na koo vikachunguliwa, wapi! Siku moja daktari akauliza, "Na mkojo je?" Bibi wa mtoto mmoja akashangaa: "Mkojo tena, mwanangu? Si kichwa hicho kinachomsumbua?" Kumbe maambukizi yalikuwa kwenye njia ya mkojo, na mtoto mdogo hivyo hawezi kusema kwamba akikojoa anaungua.

MAFANIKIO
Kosa letu tumelijua, na tunalicheka. Sisi wazazi tulikuwa tunawakojolesha watoto hapo nje kwanza, wasije wakatuaibisha juu ya kitanda cha daktari. Mkojo uliotakiwa tukauacha kwenye nyasi! Siku hizi tunamsafisha mtoto, tunamsugua polepole chini ya kitovu kwa pamba yenye maji baridi, kikombe safi mkononi. Baba mmoja hupiga na mluzi. Kama unasaidia hatujui, ila tungependa sana kujua.

CHANGAMOTO
Kipimo cha kuotesha vijidudu hapa hatuna. Maabara ya hospitali kuu Jumamosi hufungwa saa sita mchana, na leo ndiyo Jumamosi. Gari la wagonjwa ni bovu. Mkojo ukikaa sana kwenye joto, majibu hayaaminiki. Dawa ikitangulia, vijidudu havioti, tutabaki kubahatisha, na mtoto hawezi kuingojea hadi Jumatatu.

MAOMBI
Tuliandika tunaomba jokofu, na maabara iwe wazi hadi jioni...

Mgeni rasmi, samahani, karatasi naiweka chini. Amekojoa! Mama yake huyo nyuma yako, ameshika kikombe, anacheka huku machozi yanamtoka. Tunaomba gari lako. Dereva tumeshamwambia, anasema anasubiri neno lako tu. Saa tano na nusu sasa, mheshimiwa. Sema neno.

Mungu akukuzie wajukuu zako wakiwa wazima.

Ni sisi,
Wazazi na Wauguzi wa Wodi ya Watoto