Korongo, Aliyepiga Pasi kwa Mguu Mmoja

Ndugu na majirani mliokuja kutuzikia, mimi ni mdogo wa marehemu, tulionyonya ziwa moja, na mjue mapema kwamba ninasoma nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu dada aliniapisha hivyo kitandani mwake, akasema hata kwenye habari za ndoa yake sitafika kabla sijaanguka, basi anayetaka kucheka acheke, ila asinisukume.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, katika chumba cha uani chenye mlango wa bati, akasoma shule ya msingi kuanzia 1952 hadi 1958, ambako mwalimu alimwadhibu kwa domo lake kwa kumsimamisha mguu mmoja mbele ya darasa, naye akagundua kwamba macho yakitulia mahali pamoja na pumzi ikishuka taratibu, hata hasira inakaa chini yenyewe, kesho yake akaomba kuadhibiwa tena!

Tarehe 3 Julai 1961 aliajiriwa kwa dobi, nyuma ya soko, akapiga pasi miaka thelathini na tisa, kila shati kwa mguu mmoja, akifika kwenye kola anabadilisha, nami hapa nabadilisha, nahamia wa kushoto, ndiyo maana wenzake walimwita Korongo. Karani mmoja wa posta aliyeleta mashati yake hapo alidhani mguu wa pili ni mbovu, kwa huruma akamnunulia mkongojo, dada akaupokea kwa adabu zote, akauanikia soksi wiki nzima, ndipo akamwambia ukweli, na karani huyo ndiye shemeji yangu, yule pale anayejifanya kufuta miwani, wakaoana tarehe 20 Agosti 1966, na mashahidi ni ninyi, kwenye ndoa nimefika!

Walijaliwa watoto wanne, wote hupiga mswaki kwa mguu mmoja, hata mkwe wetu, ingawa hujishikiza kwenye sinki akidhani hatumwoni. Mimi nilimcheka dada miaka hamsini, hadi nilipoteleza bafuni nikavunja mkono, akaja kuninyanyua yeye, mkubwa wangu kwa miaka sita, akaanza kunifundisha kusimama hivi, jikoni kwangu.

Tarehe 9 Januari mwaka huu kiharusi kililaza upande wake wa kushoto, daktari akasema tusitegemee asimame, yeye akafumba macho akawa anapiga pasi kichwani, shati baada ya shati, na tarehe 17 Mei, ameshika chuma cha kitanda, alisimama kwa mguu wa kulia muda wa kupiga pasi shati zima, wauguzi wakapiga makofi! Ndipo akaniambia wa kulia amemaliza yeye, wa kushoto nimsimamie mimi. Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubebea maji, na wenzake wa kwa dobi, waliotunyooshea nguo hizi tulizovaa.

Dada, wa kushoto huu hapa, unatetemeka lakini umesimama. Sasa nakanyaga chini, nawe pumzika kwa amani, kwa miguu yote miwili.